Wapangaji wa Kayanga, wajenzi wa Kyerwa

Lami iliyotoka Kyaka ilipanda milima ya Karagwe kwa kilomita 59, ikafika Bugene, ikasimama. Kwa miaka kadhaa aliyekuwa anaendelea Nkwenda, Rubwera au Murongo, upande wa Kyerwa, aliiacha lami pale Omurushaka, hapohapo Bugene, akaanza safari ya vumbi, na masika yakiingia, safari ya tope. Anayetaka kuelewa kwa nini kiwanja cha ukubwa uleule kina bei moja upande huu na bei nyingine kabisa upande ule, aanzie pale lami iliposimama. Sababu nyingine zipo, na nyingi, lakini hakuna iliyoonekana kwa macho kama hiyo.

Kabla ya 2012 hapakuwa na pande mbili. Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe, watu ni walewale Wanyambo, kahawa ileile, migomba ileile. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Kwa idadi ya watu wilaya mama iligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa ardhi haikuwa hivyo, maana Karagwe ilibaki na eneo kubwa zaidi, na Kyerwa ikabanwa kati ya Uganda upande wa kaskazini na Mto Kagera unaoitenga na Rwanda upande wa magharibi. Mwaka 2019 pori la Ibanda likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa, kwa hiyo nafasi ya kupanukia upande huo nayo ikafungwa kabisa. Ardhi ya kujenga Kyerwa si nyingi, na wanaoigombea wanaongezeka.

Karagwe ilibaki pia na karibu kila kilichojengwa tangu enzi ya mkoloni na baada ya uhuru. Hospitali ya Nyakahanga, ya Kanisa la Kilutheri, iko upande huo. Dayosisi ya Karagwe ya kanisa hilo ilianzishwa 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga likazaliwa 2008. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, kilichojitenga na KCU ya Bukoba mwaka 1990 na kinachohudumia wakulima wa wilaya zote mbili, kilikwishakita mizizi hapo. Ofisi za halmashauri, mahakama, benki na shule za siku nyingi ni hivyohivyo. Taasisi hizi zote zinafanana kwa jambo moja: zinalipa mishahara. Na mtu anayepokea mshahara mbali na kwao hupanga kwanza, ndipo afikirie kujenga.

Kwa hiyo soko la makazi la Kayanga, yaliko makao makuu ya Karagwe, na la Omurushaka, kwa sehemu kubwa, ni soko la vyumba. Muuguzi aliyepangiwa Nyakahanga, mwalimu mpya, karani wa benki, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, wote wanatafuta chumba kimoja, au chumba na sebule, na mwenye uwezo zaidi anatafuta chumba chenye choo ndani. Wanauliza kama umeme una luku ya kila mpangaji au wanachangia, kama maji ni ya bomba au ya kuchota, na kodi inalipwa kwa miezi mingapi. Swali hilo la mwisho ndilo zito. Tangu sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ilipofutwa mwaka 2005, hakuna kinachomzuia mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mtumishi ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza anaanza kazi akiwa na deni. Huu ni mzigo usio wa haki kwa vijana tunaowaomba waje kutibu na kufundisha pembezoni mwa nchi, na halmashauri ambayo ingejenga hata vyumba vichache vya muda kwa watumishi wapya ingekuwa imefanya jambo kubwa.

Wenye nyumba nao si matajiri wa majengo. Ni mwalimu aliyestaafu akaweka kiinua mgongo chake kwenye matofali. Ni mama mwenye duka Omurushaka ambaye kila mwaka aliongeza kozi chache. Ni familia iliyogeuza nyumba ya uani kuwa vyumba vya kupangisha. Tuseme nyumba ya vyumba sita imegharimu Sh milioni 25, na kila chumba kinalipiwa Sh 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inaingiza Sh 2,160,000. Ni zaidi ya miaka kumi na moja kabla gharama haijarudi, na hapo hujahesabu ukarabati wala miezi ambayo chumba kinakaa tupu. Kwa hesabu ya benki hiyo si biashara ya kukimbilia. Lakini mwenye nyumba hapigi hesabu ya benki. Anahesabu ada ya Januari, ambayo chumba kinailipa. Anahesabu uzee wake. Na anajua kwamba fedha iliyokaa kwenye ukuta haiombwi na ndugu kwa urahisi kama iliyokaa mkononi.

Zipo pia nyumba kubwa zilizoezekwa bati la rangi, zenye uzio na geti, ambazo hazina mpangaji wala mwenyeji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wenyewe wako Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, wanakuja Desemba. Nyumba hizo zinapandisha bei ya viwanja vya jirani na mishahara ya mafundi, huku hazimpunguzii mpangaji hata shilingi moja ya kodi.

Ukivuka kwenda Kyerwa mambo yanageuka. Wilaya ilipoanza, watumishi walifika kabla ya nyumba. Makao makuu yakawekwa Rubwera, wakati biashara, stendi na soko vilikuwa vimezoea Nkwenda. Mtumishi akajikuta na ofisi mahali pamoja na maduka mahali pengine, na bodaboda katikati. Wapangaji wapo, lakini ni wachache kulinganisha na Kayanga, na wengi wao wanahesabu miaka ya kuhamishwa. Kinachouzwa hasa Kyerwa ni kiwanja, kwa maana ya kipande cha shamba la mtu. Anayekinunua mara nyingi analipia kitu ambacho bado hakijafika: lami, maji, soko jipya, hospitali, jengo la ofisi lililomo kwenye ramani. Kayanga bei inafuata kilichopo. Kyerwa inafuata kinachoahidiwa, na ahadi za serikali hazina tarehe zinazotabirika.

Muuzaji wa Kyerwa si dalali wala kampuni. Ni mkulima mwenye kibanja. Kibanja ni migomba na mibuni iliyopandwa na babu, nyumba iko katikati, na pembeni yapo makaburi ya ukoo. Watu hawakukata vibanja kirahisi zamani. Lakini kuanzia 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoa wa Kagera, ukasambaa, na palipokuwa na mikungu ya kutosha nyumba nzima pakabaki visiki vilivyooza. Familia iliyopoteza migomba yake, yenye mtoto anayesubiri ada, ikiona barabara inapita mbele ya shamba, inakata kipande cha mbele na kukiuza. Kisha cha pili. Nimesikitishwa sana na vibanja vilivyokatwa hivyo, kwa sababu fedha ya kiwanja huisha ndani ya msimu mmoja, wakati kibanja kilikuwa kinalisha kila siku. Sizungumzii hapa kukataza watu kuuza mali yao. Nasema bei ambayo mkulima anapokea karibu kamwe haihesabu chakula cha miaka ijayo, na mnunuzi analijua hilo.

Fedha inayonunua na kujenga inatoka wapi? Mkopo wa nyumba wa benki tuuweke kando mapema. Sheria ya kuwezesha mikopo hiyo ilipitishwa 2008, na kampuni ya kuzipatia benki mitaji ya kazi hiyo, TMRC, ikaanzishwa 2010. Hata hivyo kwa taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni, wenye mikopo ya nyumba nchi nzima hawafiki 10,000, na walio wengi wako Dar es Salaam. Mkulima wa Isingiro au Kaisho hayumo katika hesabu hiyo. Mtumishi ana mkopo wa mshahara, ambao anaukata vipande: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho. Mkulima ana kahawa.

Kahawa ndiyo benki ya wilaya zote mbili, tofauti ni kiasi ambacho kila upande unaitegemea. Kayanga inaihisi kupitia maduka, mkulima akiuza vizuri fundi cherehani naye anapata. Kyerwa inaihisi moja kwa moja, kwa sababu mjenzi ni mkulima mwenyewe. Kwa miaka mingi mkulima alizoea bei ya zaidi kidogo ya Sh 1,000 kwa kilo ya kahawa ya maganda, na tena si zote zilimfikia. Aliyebanwa na msiba au ada aliuza butura, yaani kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya mwenye fedha. Nyingine ilivuka usiku kwenda Uganda. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya msingi, baadaye ikaja minada, na msimu wa 2024, robusta ilipopanda katika soko la dunia kufikia viwango ambavyo havijaonekana kwa miongo mingi, kilo ya maganda ilivuka Sh 4,000 mnadani.

Tulipime hilo kwa paa. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu inakula bati 60, na bati moja ni Sh 28,000. Jumla ni Sh 1,680,000. Kwa kahawa ya Sh 1,200, mkulima alihitaji kuuza kilo 1,400 ili aezeke. Kwa kahawa ya Sh 4,000, kilo 420 zinatosha. Mtu mwenye kibanja cha wastani, ambaye paa lake lilikuwa ndoto ya misimu mitatu au minne, analimaliza kwa msimu mmoja na kubaki na chenji. Ndiyo maana baada ya msimu mzuri unaona mapagale ambayo yalikuwa yameota majani ndani yakiezekwa kwa mfululizo, kijiji baada ya kijiji.

Lakini fedha hiyo inaingia kwa wote kwa wakati mmoja. Mafundi ni walewale, malori ya mchanga na mawe ni yaleyale, na saruji inasafiri umbali mrefu kufika Kagera, kisha inaongezewa nauli ya barabara mbovu kutoka Omurushaka. Kila kitu kinapanda kati ya Julai na Oktoba. Kiwanja kinapanda zaidi, kwa kuwa muuzaji naye ni mkulima wa kahawa, hana njaa mwezi huo, na hana haraka. Aliye na fedha nje ya msimu, kwa kawaida mtumishi au mfanyabiashara, ananunua Februari na Machi, wakati mkulima ameishiwa. Ukiangalia nani alinunua lini, unaona kwamba viwanja vizuri vya barabarani Nkwenda na Rubwera vinahama taratibu kutoka mikono ya wakulima kwenda mikono ya wenye mishahara, na njaa ya Februari ndiyo inayovihamisha. Hapo ndipo minada ya kahawa ina maana zaidi kwa makazi kuliko sera yoyote ya nyumba: mkulima mwenye akiba hauzi kibanja Februari, na hauzi butura.

Suala la nyaraka linawatenganisha wanunuzi wa wilaya hizi hata zaidi ya bei. Sehemu ya Kayanga imepimwa, mtu anaweza kununua kiwanja chenye namba na kufuatilia hati. Sehemu kubwa ya Kyerwa ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mauziano yanaandikwa kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, mashahidi wanatia sahihi, na mtu anaondoka akiamini ana hati. Ana ushahidi wa kulipa, na hilo si dogo, lakini bila baraka za halmashauri ya kijiji umiliki wake unasimama juu ya kumbukumbu za watu. Mwenyekiti akibadilika, shahidi akifariki, mji ukitangazwa eneo la mipango miji na barabara za mitaa zikichorwa juu ya kiwanja chake, karatasi ile haimkingi.

Juu ya hayo upo ukoo. Katika mila za Kagera ardhi ya ukoo iliyouzwa kwa mtu baki ingeweza kukombolewa na wana ukoo, na mwanamke hakuruhusiwa kuiuza. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza kwa Sh 300,000 shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kuubatilisha uuzaji huo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Kesi hiyo inafundishwa katika vyuo vya sheria hadi ng'ambo. Lakini hukumu ni jambo moja na kijiji ni jambo lingine. Mnunuzi makini hadi leo anataka kuona watoto wakubwa wa muuzaji, mke wake na ndugu wa baba wamesimama kwenye mauziano, na anauliza makaburi yako wapi. Kayanga mjini, ambako kiwanja kimeuzwa na kuuzwa tena, maswali haya yamepungua. Kyerwa, ambako muuzaji wa kwanza ndiye anayeuza, yote bado yana uzito.

Mipaka nayo ina historia inayouma. Mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa hifadhi katika kambi za Karagwe ya wakati huo, na mojawapo ilikuwa Rubwera. Walirudishwa mwishoni mwa 1996. Mwaka 2013 wahamiaji waliohesabiwa kuwa hawana vibali walipewa wiki mbili kuondoka, kisha ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa waliobaki. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi hapa miaka mingi, wenye nyumba, mifugo na mashamba. Muuzaji aliyepewa wiki mbili hawezi kupatana bei. Ardhi iliyobadilisha mikono kwa haraka namna hiyo inabaki na swali juu yake, na yeyote anayenunua karibu na mpaka anapaswa kuuliza ilipatikanaje mwaka ule.

Halafu kuna X, alama inayochorwa kwenye jengo lililoingia hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kila anayejenga fremu za biashara anataka kusogelea barabara, na kule ambako lami inatarajiwa hamu hiyo ni kubwa zaidi. X ya kijani ina maana utalipwa, nyekundu ina maana bomoa mwenyewe. Inauma kuona mtu aliyetumia msimu mzima wa kahawa akijenga fremu mbili mita 25 kutoka katikati ya barabara, wakati futi kamba na ushauri wa nusu saa kutoka ofisi ya ardhi vingemwokoa. Kazi hiyo ya kuonyesha mipaka mapema ni ya halmashauri na TANROADS, na inapaswa kutangulia mkandarasi kwa miaka.

Kyerwa ina masoko mengine mawili madogo yanayokwenda kwa mwendo wao. Murongo, mpakani na Kikagati ya Uganda, ni mji wa gesti na fremu, na mtambo wa umeme wa maji wa megawati 14, ambao umeme wake unagawanywa kati ya nchi hizo mbili, uko pale mtoni. Syndicate, kwenye machimbo ya madini ya bati yaliyoanza enzi ya Waingereza, hujaa na kupungua kwa kufuata bei ya madini, na Kyerwa ilipata soko rasmi la madini hayo 2019. Nyumba za sehemu zote mbili zinajengwa kwa ajili ya mpita njia, na haifai kuzilinganisha na Nkwenda.

Ujenzi wa lami kutoka Omurushaka kuelekea Kyerwa umeanza, kilomita 50 za kwanza. Wengi wanaamini kwamba ikikamilika bei za Kyerwa zitapanda na kufanana na za Kayanga. Kwa Nkwenda naona wako sahihi, kwa sababu ina soko, na soko likipata lami linanenepa. Kwa Rubwera nina wasiwasi. Barabara mbovu ndiyo iliyokuwa inamlazimisha mtumishi kuishi karibu na ofisi. Ikiwa safari ya saa mbili itakuwa ya chini ya saa moja, mtumishi mwenye mke anayefanya kazi Nyakahanga na watoto wanaosoma Kayanga atapanga Omurushaka na kupanda Noah kila asubuhi. Mishahara ya Kyerwa italala Karagwe.

Na Omurushaka yenyewe haitabaki mwisho wa lami. Barabara ya kutoka Bugene kwenda Benako nayo imo kwenye mpango wa lami, na ikifunguka, Omurushaka itakuwa njia panda ya Bukoba, Murongo na Ngara. Kayanga pia imo katika mradi wa maji wa miji 28 wa mkopo wa India, na yake ni maji ya kuchotwa Ziwa Rwakajunju. Lami, maji na shule vikikutana mahali pamoja, kodi za vyumba zitapanda kabla ya vyumba vyenyewe kuongezeka, na wa kwanza kuumia watakuwa wale wauguzi na walimu wapya.

Rubwera inaweza kuwabakiza watumishi wake, lakini viwanja pekee havitatosha. Inahitaji maji ya bomba kwenye mitaa iliyopimwa, shule ambayo mtumishi hataona haya kumpeleka mwanawe, na vyumba vya kupangisha ambavyo kodi yake inalipwa mwezi kwa mwezi. Halmashauri ya Kyerwa ina muda wa kupima mitaa hiyo kabla lami haijafika, wakati ardhi bado iko mikononi mwa wakulima na fidia bado inalipika. Lami ikishapita, kila mita itakuwa na mwenye fremu juu yake.